Kiganja Juu ya Jicho

Ngosha alipoamua kufungua banda la video Buswelu, hakumwuliza mtu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, biashara ilikuwa imeachiwa huru, na bidhaa za Dubai zilikuwa zimejaa mjini Mwanza kiasi kwamba hata asiyekuwa na kitu mfukoni alipita madukani akichagua kwa macho. Ngosha alikuwa na ng'ombe wanne. Akauza wawili, akanunua televisheni, deki, na jenereta ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa ameitumia mpaka akaichoka. Akaegemeza mabati kwenye ukuta wa nyumba ya mama yake, akaning'iniza magunia mlangoni ili kuwe na giza, akaandika kwa chokaa: SINEMA LEO. Vijana walitoka mpaka Kiseke kwa miguu kuja kuwatazama Wachina wakirushiana mateke, na Ngosha alitembea kifua mbele kama vile mateke yale aliyafundisha yeye.

Tatizo lilikuwa jenereta. Ikikohoa nje, ndani picha nayo inapepesa: inafifia, inawaka, inafifia, inawaka, na watazamaji wanapiga miluzi wakidai haki yao. Aliyekuwa na mkono wa kuituliza ni Rebeka, mke wake. Ngosha mwenyewe akigusa kitufe mambo yanazidi kuharibika, ingawa hakuwahi kukiri. Basi Rebeka alikuwa akiitwa kutoka jikoni, anaingia na mtoto wao Shimba mgongoni, anachuchumaa mbele kabisa, uso karibu uguse kioo, anageuza kidogo kidogo mpaka Mchina anatulia.

Siku moja mchana, picha ilikataa kutulia. Rebeka alikuwa amempakata Shimba, mtoto wa miezi saba, kwa sababu alikuwa ametoka kumnyonyesha. Weupe na weusi vilipigana mbele ya macho yake. Alihisi macho yanavutwa, akataka kuyaondoa, hayakuondoka. Baada ya hapo hakujua kitu.

Alipozinduka alikuwa amelala chini peke yake. Magunia ya mlangoni yalikuwa yamefunguliwa, na watu wote walikuwa wamesimama nje, mbali, wakimtazama. Hakuna aliyemgusa. Hawakuwa watu wabaya, ndivyo walivyolelewa. Mtu akianguka kifafa, povu lake likikugusa nawe kimekupata, ndivyo wanavyosema, kwa hiyo mwenye akili hukaa mbali na kumwomba Mungu. Rebeka alipapasa mapajani, kisha pembeni yake, akitafuta mtoto. Mtoto hakuwepo. Alikuwa mikononi mwa mama mkwe wake, Paskazia, mlangoni, analia, damu ikimtiririka kutoka juu ya nyusi.

Paskazia alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe na mikono iliyokuwa imelima pamba miaka mingi. Hakupiga kelele siku ile. Alimwosha mjukuu kidonda, akamfunga mgongoni kwake, akatuma mtu amwite Odeta, shangazi yake Rebeka, aliyemlea na kumwoza pale pale Buswelu.

"Odeta," alimwambia, "ulinipa mkwe. Sasa nipe na habari zake."

Odeta hakuwa na pa kukimbilia. Alieleza kwamba Rebeka alizaliwa Kayenze, ufukweni, na tangu alipokuwa msichana mdogo alikuwa akianguka pale pale majini, jioni, anapoosha vyombo. Kwingine haanguki, asubuhi haanguki. Wazee wa kwao walitazama, wakaona jambo liko wazi: kuna kitu ziwani kinamtaka. Basi mama yake akamtoa kwake, akamleta Buswelu kwa shangazi, mbali na maji, na Rebeka akakatazwa kukanyaga ufukwe hata kwa msiba. Na kweli hakuanguka tena. Miaka ikapita, akavunja ungo, akaolewa, akazaa.

"Tulijua yameisha," Odeta alisema. "Mtu hatangazi yaliyoisha."

"Hayakuisha," Paskazia alisema. "Yamepanda mlima kumfuata."

Tangu siku ile Shimba alihamia nyumba kubwa, kwa bibi yake. Akililia titi huletwa, na Paskazia huketi mbele ya Rebeka mikono ikiwa tayari magotini, kama mtu anayesubiri embe lianguke. Mtoto akishiba anachukuliwa kabla hajacheua. Kumbeba, hapana. Kumwogesha, hapana kabisa. Akilia, Rebeka anabaki amekaa, maana akiinuka tu atasikia sauti ile kutoka ndani: "Kaa. Nakwenda mimi." Mwili wake ukajifunza. Mtoto akilia maziwa yanamtoka, na miguu haiendi popote.

Ngosha alikuwa katikati, na katikati hapakumfaa. Mbele ya mama yake alisema "ndiyo, mayu," na mbele ya mkewe alisema "tutaona." Lakini nisimseme vibaya mno, kwa sababu ni yeye aliyesikia tangazo kanisani. Padri alisema kuna daktari aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, anaitwa Zadok, mtu wa Mara, na kwamba mara moja kwa mwezi anawaona wagonjwa wa kifafa katika jengo la nyuma la hospitali moja ya misheni mjini. Ana mashine ya kuusoma ubongo. Ngosha alirudi nyumbani akaliangusha neno hilo kati ya wanawake wawili, kisha akatoka nje kuiangalia jenereta.

"Twende," alisema Paskazia, na Rebeka akashangaa. "Mtoto ananyonya, lazima aende. Na mtoto akienda, naenda. Nataka nisikie kwa masikio yangu, nisije nikafichwa tena."

Chumba cha Daktari Zadok kilikuwa na mapazia mazito ya bluu. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, koti lake jeupe likiwa fupi mikononi. Aliinama akamwamkia Paskazia kwanza, "Shikamoo mama," akangoja aitikiwe, na hilo peke yake lilimpunguzia yule mama nusu ya maneno aliyokuja nayo. Kwenye meza kulikuwa na sanduku kubwa lenye kalamu nyembamba zilizojipanga safu, na karatasi ndefu ikipita chini yake. Daktari alimlaza Rebeka kitandani, akampaka ute mzito kichwani hapa na pale, akamgandishia waya nyingi. Kalamu zikaanza kuandika vijimistari vya kutetemeka, kila moja na mwendo wake.

"Huo ndio ubongo wako," alisema. "Sehemu zake zinasemezana kwa umeme mdogo sana. Hapa tunasikiliza tu."

Kisha akavuta taa moja, duara kama taa ya gari, akaiweka mbele ya uso wa Rebeka.

"Sasa nitakumulika, mama Shimba. Taa hii inawaka na kuzima haraka. Mimi macho yangu yatakuwa kwenye kalamu na mkono wangu kwenye swichi. Zikianza kuruka, nazima hapo hapo. Sitakuacha uanguke."

Rebeka aliogopa. Aligeuza shingo amtazame mwanawe mgongoni kwa bibi yake, akamwona amelala mdomo wazi, kovu dogo jekundu juu ya nyusi. Akasema, "Mulika."

Taa ilianza polepole. Kalamu hazikujali. Daktari akageuza kitufe, taa ikaongeza mwendo, na kalamu za nyuma zikaanza kuufuata, mmweko mmoja, mstari mmoja. Akageuza tena. Rebeka akahisi vile vile alivyohisi bandani, macho yanavutwa, na mara kalamu zote zikaruka kwa pamoja, juu chini, juu chini, zikikwaruza karatasi. Daktari akazima. Kalamu zikatetemeka kidogo, zikarudi kwenye vijimistari vyao. Rebeka akavuta pumzi. Alikuwa yupo. Alikuwa amefika ukingoni na akarudishwa, na alijua jina lake na alikuwa anasikia ndege nje.

"Umemfanya nini mkwe wangu?" Paskazia aliuliza.

"Nimeuita ugonjwa wake, mama. Halafu nimeurudisha."

"Unaitwa kwa taa?"

"Wake, ndiyo."

Paskazia alifikiri. "Kwa hiyo kile kitu cha ziwani kinawashwa na kuzimwa kwa swichi."

Daktari hakucheka. "Mama, mimi nimezaliwa Shirati, ziwa liko mlangoni kwetu. Siwezi kulisemea ziwa. Nazisemea kalamu hizi." Akakuna kidevu. "Wewe umelima pamba?"

"Unaniuliza mimi kama nimelima pamba."

"Umelima kwa ngoma?"

Hapo Paskazia akanyoosha mgongo. Katika ujana wake alikuwa kwenye kikundi cha kulima cha kwao Magu, wale wa bugobogobo, wanaolima kwa safu huku ngoma inapigwa, na alikuwa akiimbiwa kwa jina.

"Ngoma ikipigwa inakuwaje?" daktari aliuliza.

"Majembe yote yanainuka pamoja, yanashuka pamoja. Hata mvivu analima."

"Na isipopigwa?"

"Kila mtu na lake. Huyu analima, huyu anakunywa maji, huyu anakuna mgongo."

"Ubongo unataka hivyo, kila mtu na lake. Ndiyo afya yake. Sasa kwa mkweo, mwanga unaopepesa kwa mwendo fulani ni ngoma. Ukiingia kwa macho, majembe yote yanainuka mara moja, na mwili hauwezi kuvumilia kilimo cha namna hiyo. Unaanguka."

Paskazia aliitazama karatasi, mahali pale kalamu ziliporuka. Alilijua shamba lile. Lakini hakuwa mtu wa kukubali jambo nusu. Akamfungua mtoto mgongoni, akasita kidogo, akaangalia waya kichwani mwa Rebeka, akamlaza Shimba juu ya kiti kipana na kukisukuma kikabanana na kitanda.

"Nimulike na mimi," alisema. "Huenda mashine yako inampiga kila mtu."

Daktari alijaribu kumweleza, akaona ni kazi bure. Wakabadilishana. Paskazia alivua kilemba, akajilaza amekunja uso, mikono kifuani kama anayekwenda kuzikwa, akapakwa ute kwenye mvi zake. Taa ikamulika polepole, ikamulika haraka, ikamulika haraka zaidi. Kalamu ziliendelea na vijimistari vyao bila habari.

"Hata kidogo?" aliuliza, na mtu angeweza kuapa kwamba ameumia.

"Hata kidogo, mama."

"Basi si mashine." Akakaa kitandani, waya zikimning'inia masikioni. "Na si uovu, maana kwa uovu mimi namzidi."

Rebeka ndiye aliyecheka, kisha akashika mdomo. Muda wote ule alikuwa na jambo linamzunguka kichwani, likatoka sasa bila kupangwa.

"Daktari. Kule Kayenze nilikuwa naosha vyombo jioni. Jua liko chini, mbele yangu. Maji yanameta-meta mpaka macho yanauma."

Daktari alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na asubuhi jua liko nyuma yako."

"Asubuhi sikuanguka hata siku moja."

Rebeka alikuwa anamwona mama yake, amembebea nguo zake kichwani, anamsindikiza kwenda Buswelu bila kugeuka nyuma, kwa sababu angegeuka asingemwacha. Kwa miaka yote alidhani ametupwa. Kumbe mama alikosea sababu, dawa hakukosea. Alimwondoa mwanawe kwenye mmeto ule, akajinyima kumwona, na mtoto akapona. Rebeka alimshukuru mama yake pale pale alipokuwa, kwa moyo wote, na machozi yalimtoka akayaacha.

"Kuna vidonge," daktari alisema, "utavimeza kila siku bila kukosa. Ila kuna jambo jingine, halina bei. Lala tena nikuonyeshe."

Akamgandishia waya upya. Akamwambia aweke kiganja juu ya jicho moja, alifunike lote, kisipenye kitu. Akawasha taa kwa mwendo ule ule uliorusha kalamu. Paskazia alisimama, mtoto kifuani, akiikodolea karatasi. Kalamu zilifuata mwanga kidogo, zikayumba, lakini hazikuruka. Daktari akaendelea kumulika. Hazikuruka.

"Ngoma inahitaji milango miwili," alisema. "Ukifunga mmoja, sauti haitoshi. Kufumba macho hakusaidii, mwanga unapita kwenye kope. Kiganja, jicho moja, na ugeuze uso. Ukihisi tu macho yanavutwa, usingoje."

Alizima taa, akakaa kwenye kiti chake akiitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemzoea. "Mimi huwa nawaza," alisema, "kama mwanga unaweza kuuamsha ubongo hivi, mbele ya macho yetu, kwa kugeuza kitufe, basi ipo siku mtu atapata mwanga wa kuutuliza. Taa iwe inasikiliza kalamu yenyewe, ijue lini iwake, lini izime. Labda si katika zama zangu. Kwa leo tuna kiganja."

"Kiganja kinatosha, baba," Rebeka alisema. "Asante. Asante sana." Hakuwa na neno kubwa zaidi, na alilitafuta.

Nyumbani Buswelu ute ule ulikuwa umekauka kwenye nywele zake kama uji. Alikuwa anachota maji ajioshe, Paskazia akamtokea, akamnyang'anya kopo, akamkalisha juu ya kigoda. Akamwagia maji ya vuguvugu, akazamisha vidole kwenye nywele, akasugua bonge moja moja, utosini, nyuma ya masikio, shingoni. Tangu siku ile ya bandani, ukimtoa daktari, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Rebeka kichwa. Ngosha mwenyewe alikuwa akilala ameelekea ukutani. Rebeka aliinama maji yampite usoni ili asionekane analia, na Paskazia, aliyeona, aliongeza maji.

Lakini mtoto aliendelea kulala nyumba kubwa.

Ni hapo Rebeka alipoelewa kwamba kuona karatasi ni kitu kimoja, na kumwachia mtu mjukuu wako wa pekee ni kingine. Hakulalamika. Alimeza vidonge vilivyomtia usingizi wiki za mwanzo, akajifunza kukaa mbali na kioo cha televisheni, na Ngosha akalazimika kujifunza kutuliza picha mwenyewe, watazamaji wakimsaidia kwa matusi. Siku zikaenda. Shimba akaota meno, akaanza kukaa, akaanza kusimama kwa kushika kanga ya bibi yake. Rebeka aliyaona yote kutoka upande wa pili wa uwanja.

Jumapili moja walikuwa wanatoka misa ya jioni. Ngosha alikuwa amempakia Rebeka nyuma ya baiskeli, na Paskazia alikuwa akija nyuma kwa miguu na wanawake wenzake, Shimba mgongoni. Kwenye ile njia kuna mikaratusi iliyopandwa kwa mstari, na jua lilikuwa limeshuka nyuma yake. Ngosha, aliyependa kuonekana, alikanyaga kwa nguvu. Mti, jua, mti, jua, mti, jua. Rebeka alihisi macho yanavutwa.

Kiganja kilikuwa juu ya jicho kabla hajafikiri. Akageuza uso upande wa mashamba, akampiga mumewe mgongoni kwa mkono wa pili.

"Simama."

Ngosha alisimama. Rebeka akashuka, akasogea pembeni, akasimama na mgongo kwa jua, kiganja bado usoni. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kupunguza mwendo, wawili wakavuka kabisa kwenda ng'ambo ya njia. Paskazia hakuvuka. Alisimama alipokuwa, akamtazama mkwewe. Rebeka alipumua. Mti ulikuwa mti, jua lilikuwa jua, miguu yake ilikuwa yake. Kisha akamwambia Ngosha, kwa sauti ya kawaida ya mke kwa mume, "Twende. Polepole. Mimi nitaziba jicho mpaka miti iishe," akapanda tena baiskeli, wakaondoka.

Paskazia hakutaja habari ile jioni. Alikula ugali wake, akakemea mbuzi, akaingia kulala.

Kesho yake Rebeka alikuwa chini ya upenu, amekaa kwenye mkeka, anachagua mchele kwenye ungo. Ngosha alikuwa ameshatoka kwenda mjini kutafuta kanda mpya. Asubuhi ilikuwa kimya, banda limefungwa, jua kwenye mabati. Kutoka nyumba kubwa Shimba akaanza kulia, kile kilio cha kuamka na kukuta hakuna uso.

Maziwa yakamjia. Rebeka aliendelea kuchagua mchele, kama alivyozoea, akisubiri ile sauti. Haikuja. Mtoto alizidisha kilio. Rebeka akainua macho na kuona mlango wa nyumba kubwa uko wazi, na kwamba ile misumari ya ukutani ambako Paskazia huning'iniza mwavuli na kikapu chake cha safari iko mitupu.

"Mama?" aliita.

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ndiye aliyemjibu. "Mama yako kaondoka na gari la alfajiri, kaenda Magu kumwona kaka yake. Hajakuaga? Kasema atarudi Alhamisi."

Rebeka alibaki ameshika ungo. Aliutazama uwanja wote, kuanzia jikoni mpaka zizini. Hapakuwa na mtu aliyeachwa amlinde, wala binti wa kuazima wa kumshika mtoto, wala neno la kuonya. Kulikuwa na kilio tu, na mlango uliofunguliwa makusudi, na yule ambaye mtoto alikuwa anamlilia alikuwa ni yeye.

Aliweka ungo chini, akaenda kumchukua mwanawe.